Kutikiswa au Kutikisika: Istilahi Iliyotangulia Mahakamani

Mwaka 1971 daktari mpasuaji wa ubongo wa watoto nchini Uingereza, Norman Guthkelch, alichapisha makala fupi katika jarida la British Medical Journal. Alikuwa ameona watoto wachanga waliovia damu chini ya utando mgumu unaofunika ubongo, na baadhi yao hawakuwa na alama yoyote ya kupigwa kichwani. Akatoa rai kwamba huenda walitikiswa kwa nguvu. Shingo ya mtoto mchanga ni teke na kichwa chake ni kizito kuliko inavyoweza kukihimili. Kikirushwa mbele na nyuma, mishipa midogo inayopita kati ya ubongo na utando huo inaweza kukatika. Alitaka wazazi waonywe, kwani wengi waliona kumtikisa mtoto ni adhabu nyepesi kuliko kumpiga. Mwaka uliofuata Mmarekani John Caffey, bingwa wa picha za eksirei za watoto, aliiendeleza rai hiyo, na hatimaye dunia ya udaktari ikazoea jina la shaken baby syndrome.

Kwa Kiswahili, tafsiri inayokuja upesi ni “sindromu ya mtoto aliyetikiswa”. Sina ugomvi na “sindromu”. Ni mkusanyiko wa dalili zinazojitokeza pamoja, ingawa tulipoitafsiri AIDS kuwa UKIMWI tuliweza kuishi bila neno hilo. Kwa kawaida jina la sindromu hutaja dalili zenyewe au mtu aliyezieleza, kama sindromu ya Down. Hili linataja tendo, na hapo ndipo sarufi yetu inapobana. “Kutikiswa” kuna -w- ya kutendwa, nayo humdai mtendaji: ametikiswa na nani? Nyumba hutikisika kwa tetemeko na hatumtafuti mtu, lakini anayeandika kwamba mtoto “ametikiswa” ameshataja kosa, kilichobaki ni kumpata mkosaji. Naye hatafutwi mbali. Huwa ni yule aliyekuwa na mtoto hali ilipobadilika: mama, baba, yaya.

Kinachoonekana hospitalini hasa ni dalili tatu: damu chini ya utando mgumu, damu kwenye retina nyuma ya jicho, na ubongo uliovimba au unaoshindwa kufanya kazi. (Ningeziita “utatu”, ila neno hilo lina wenyewe kanisani.) Kwa miaka mingi, zilipokutwa pamoja bila habari ya ajali kubwa, madaktari wengi wa Marekani na Uingereza walihitimisha kuwa mtoto alitikiswa, na wengine walieleza mahakamani hata muda wa tukio.

Mashaka yalianza mapema. Mwaka 1987 Ann-Christine Duhaime na wenzake huko Pennsylvania walitumia midoli yenye vipimo vya mwendo, wakakuta kwamba kutikisa peke yake kunatoa nguvu ndogo sana ikilinganishwa na kugongesha kichwa. Katika wagonjwa wao, watoto wote waliokufa walikuwa na dalili za kugongwa. Mwaka 2001 Jennian Geddes wa London alionyesha kuwa madhara mengi kwenye ubongo wa watoto waliodhaniwa kutikiswa yalifanana zaidi na ya kukosa oksijeni kuliko ya nyuzi za neva kuchanika. Baadaye alikwenda mbali zaidi kwa nadharia ya kueleza dalili zote tatu bila kutikiswa, ambayo mwaka 2005, mbele ya Mahakama ya Rufani ya Uingereza, alikiri haijathibitishwa. Mahakama iliikataa nadharia hiyo, lakini ikasema pia kwamba dalili tatu pekee hazitoshi kumtia mtu hatiani moja kwa moja.

Orodha ya visababishi vingine nayo imerefuka: upungufu wa vitamini K, damu kuganda ndani ya mishipa ya ubongo, magonjwa ya kurithi kama glutariki asiduria, hata kuzaliwa kwenyewe. Utafiti wa mwaka 2008 uliowapiga picha watoto wenye afya njema muda mfupi baada ya kuzaliwa ulikuta karibu nusu yao wana damu kidogo chini ya utando huo, na kwa wale waliofuatiliwa, damu hiyo ilikuwa imeisha walipofika miezi mitatu.

Hoja nzito zaidi ilitoka Sweden mwaka 2016. Taasisi ya serikali ya kutathmini tiba, SBU, ilipitia maelfu ya mihtasari ya tafiti, ikabakiza 30 tu, na kati ya hizo hakuna hata moja iliyopewa daraja la juu la ubora. Mbili zilipewa la kati. Tatizo lilikuwa la mantiki. Watafiti waliwaweka watoto katika kundi la “waliotikiswa” kwa sababu wana dalili tatu, kisha wakahesabu dalili tatu katika kundi hilo. Ni kupima debe kwa debe lile lile.

Upande wa pili haukunyamaza, wala haupaswi kudharauliwa. Mwaka 2018 vyama vya madaktari wa watoto na wa picha za watoto kutoka nchi kadhaa vilitoa tamko la pamoja kwamba hakuna daktari makini anayetoa uamuzi kwa dalili tatu tu: huangaliwa mbavu zilizovunjika, upana na kina cha damu kwenye retina, vipimo vya damu, na maelezo yanayobadilikabadilika. Kuna pia watu waliokiri. Kumtikisa mtoto mchanga ni hatari, na sijaona mtaalamu wa upande wowote anayesema vinginevyo. Kinachobishaniwa ni kama dalili zinaweza kufichua tendo ambalo hakuna aliyeliona.

Mwaka 2009 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri jina libadilishwe liwe “jeraha la kichwa la ukatili”. Kwa maoni yangu, hapo mambo yalizidi kuharibika: jinsi ya tendo iliondolewa, shutuma ikabaki na kukolea. Aliyetoa pendekezo bora ni Guthkelch mwenyewe. Mwaka 2012, akiwa amevuka miaka 95 na akihuzunika kwamba rai yake imegeuzwa ushahidi wa kufungia watu, alitaka hali hiyo iitwe kwa kile kinachoonekana: damu kwenye retina na chini ya utando mgumu wa mtoto mchanga.

Jina lina uzito. Huko Texas, Robert Roberson alihukumiwa kifo mwaka 2003 kwa kifo cha binti yake wa miaka 2, kesi ikiwa imejengwa juu ya utambuzi wa mtoto aliyetikiswa. Mawakili wake wanasema mtoto alikuwa na nimonia kali. Utekelezaji wa hukumu hiyo ulisimamishwa dakika za mwisho Oktoba 2024, na mahakama ikausimamisha tena Oktoba 2025.

Mkalimani wa Kiswahili aliyeko mahakamani ughaibuni hana ruhusa ya kulainisha kauli ya daktari. Akisikia “ametikiswa”, aseme hivyo hivyo. Mwandishi wa habari na mtunga kamusi ya tiba wana nafasi zaidi. Nawaomba waandike “uviaji damu wa retina na utando wa ubongo kwa mtoto mchanga” pale wanapotaja hali ya mgonjwa, watumie “jeraha la kutikisika” wanapoeleza namna inavyodhaniwa kutokea, na neno “ukatili” walisubirishe hadi hukumu itoke.