Jaji Mwalusanya na Lango la Gereza la Musoma

Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, lakini Serikali ilijipa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake, na hadi Machi 1988 raia hakuweza kuzidai mahakamani. Muda ulipokwisha, sheria nyingi kandamizi zilikuwa palepale. Mwaka huohuo Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, ambako mashauri ya Mara yalipelekwa, aliamua kesi ya Chumchua Marwa dhidi ya Mkuu wa Gereza la Musoma na Mwanasheria Mkuu. Hoja ilihusu sheria ya kikoloni ya 1921 iliyompa Gavana, na baada ya Uhuru Rais, uwezo wa kumtoa mtu kwao na kumpeleka kuishi kwingine nchini bila kumfikisha mahakamani. Mwalusanya alitamka kwamba sheria hiyo inakwenda kinyume na Katiba. Wakazi wa Bweri, Nyasho na Makoko mjini Musoma wana sababu ya kulikumbuka jina lake: Katiba ilifika kwenye lango la gereza la mji wao mapema kuliko ilivyofika sehemu nyingi za nchi.

Kuna wanaosema majaji wa aina hii hutunga sheria badala ya Bunge na kuvunja mila za watu. Hukumu ya Mwalusanya ya Februari 1990, ya Ephraim dhidi ya Holaria Pastory, inajibu vizuri. Mwanamke wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akamuuzia mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akapinga, kwa kuwa kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimkataza mwanamke kuuza. Bunge lenyewe, katika sheria ya 1984, lilikuwa limeziagiza mahakama kuzisoma sheria za zamani kwa namna inayopatana na Katiba. Mwalusanya alitii agizo hilo. Wala ukoo hakuupokonya kitu: aliuachia miezi sita ya kulikomboa shamba kwa kurudisha bei, kama ambavyo ingekuwa muuzaji akiwa mwanamume. Kilichoondoka ni ubaguzi tu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hukumu zake hazikudumu. Ni kweli, mwaka 1994 katika kesi ya Mbushuu alitamka kwamba adhabu ya kifo ni batili, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Lakini hata Mahakama hiyo ilikiri kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha, ikaiokoa kwa kigezo cha maslahi ya umma, na mwaka huohuo majaji wa Afrika Kusini waliijadili kesi hiyo walipokuwa wakiifuta adhabu ya kifo kwao. Kinachosikitisha kweli ni jambo jingine. Wajane wawili walipozipinga kanuni zilezile za 1963, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikubali kuwa zina ubaguzi, kisha ikakataa kuzifuta. Sheria za ardhi za 1999 zimempa mwanamke haki sawa ya kumiliki na kuuza, lakini mirathi ya kimila hazikuigusa, na mwaka 2015 ilibidi kamati ya Umoja wa Mataifa ndiyo iwaambie wajane hao kwamba nchi yao ilikuwa imevunja haki zao.