CFL, kampuni ya reli ya Kalemie
CFL, kampuni iliyoundwa mwaka 1902 na Mbelgiji Édouard Empain, ilikua kwa mkakati wa kuunganisha usafiri, yaani kumiliki reli, meli na bandari kwa pamoja: pale maporomoko ya Mto Lualaba yalipozuia meli, gari la moshi lilipokea mzigo, na mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ikafika Ziwa Tanganyika, penye bandari ya Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Utamaduni wake wa kazi, yaani mazoea na maadili yanayotawala kampuni, ulikuwa wa kibaguzi, kwa kuwa vyeo vya juu walishika Wazungu na kazi za sulubu wakaachiwa Waafrika. Ustadi wa uhandisi haufuti dhuluma hiyo. Mwaka 1974 reli zake ziliingizwa katika shirika la reli la taifa la Kongo, wakati huo Zaire, lililoitwa SNCZ na baadaye SNCC.