Jina la Uwesu: Kutoka Barawa hadi Kariakoo

Miongoni mwa majina ya wanaume yasikikayo kwa nadra mjini Dar es Salaam, jina la Uwesu, ambalo wengine hulitamka Awesu au Aweso na ambalo Wasomali huliandika Aweys, lina taarikhi ndefu kupita kiasi cha uchache wa watu waitwao kwalo. Vijana wa Kariakoo hulijua zaidi kwa sababu ya mpira, kwa kuwa Awesu Awesu aliivaa jezi ya Simba, klabu ambayo makao yake yako Mtaa wa Msimbazi. Na wasomaji wa magazeti hulijua kwa Jumaa Aweso, mbunge wa Pangani, aliyekabidhiwa Wizara ya Maji mwaka 2020. Wakiulizwa asili yake, aghalabu watu hujibu kwamba ni jina la Kiarabu, na jibu hilo si batili, ila limeishia njiani. Hoja ya makala haya ni kwamba jina hili, kwa jinsi lilivyokaa katika mitaa yetu, halifahamiki barabara mpaka afuatwe sheikh mmoja wa Barawa pamoja na waliosimama katika zikri yake, na kwamba walioliona kuwa lina thamani kubwa kupita wengine ni wale ambao nasaba zao zilikuwa zimekatwa na utumwa na safari.

Kwa upande wa lugha jambo lenyewe si refu. Uways ni Aws lililopunguzwa, na Aws kwa Waarabu wa kale lilikuwa na maana ya kipawa na pia ya mbwa mwitu, kisha likawa jina la mojawapo ya makabila mawili ya Madina yaliyompokea Mtume. Lakini sidhani kama yupo mzazi wa pwani aliyempa mwanawe jina hili akimkusudia mnyama wala kipawa. Aliyekusudiwa ni mtu: Uways al-Qarani wa Yemen, aliyeishi katika zama za Mtume, akamwamini, wala asimwone kwa macho yake, kwa kuwa alikuwa akimtunza mama yake. Hadithi iliyomo katika Sahih Muslim yasimulia kwamba Mtume alimtaja kwa sifa zake, na kwamba Umar bin al-Khattab alikuwa akiwauliza watu waliotoka Yemen, kundi baada ya kundi, hata akampata, akamwomba amwombee maghufira. Na Umar alipotaka kumwandikia barua kwa liwali wa Kufa ili apate heshima, Uways alikataa, akapendelea kukaa na watu wasiojulikana. Kwa masufii kisa hiki kikawa msingi wa jambo kubwa, kwa kuwa mtu apataye ilimu ya rohoni kwa mwalimu asiyewahi kukutana naye huitwa kwa nisba ya Uways mpaka leo. Maana hiyo ndiyo tutakayoihitaji huko mbele: mtu anaweza kuwa karibu bila ya kuwapo, na kurithi bila ya damu.

Sasa tuje Barawa. Mji huu wa pwani ya Banadir, ijapokuwa umo katika nchi ya Wasomali, una lugha yake, Chimini, ambayo ni Kiswahili cha kaskazini kabisa, hata yule Dada Masiti, mshairi mwanamke aliyefariki mwaka 1919, alitunga kwayo kaswida zake. Katika mji huo alizaliwa mwaka 1847 Sheikh Uways bin Muhammad, wa ukoo wa Tunni, ambaye baada ya masomo ya kwao alikwenda Baghdad, penye kaburi la Sheikh Abdulkadir al-Jilani, akapokea ijaza, yaani idhini, ya twarika ya Kadiria kwa watu wa nyumba ya al-Jilani wenyewe. Aliporudi alikuwa mhubiri na mtunzi, akiandika kwa Kiarabu na kwa Kisomali kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na tawi la twarika lililotokana naye likaitwa Uwaisiya. Unguja alifika zaidi ya mara moja, Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, akampokea kwa heshima. Mwaka 1909, huko Biyoley, aliuawa na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, ambaye alihitilafiana naye vikali katika mambo ya dini na ya vita. Wasifu wake, uitwao al-Jawhar al-Nafis, ulipigwa chapa Cairo mwaka 1964 kwa Kiarabu.

Kutoka Unguja, twarika ilishuka bara kwa miguu ya makhalifa na wafanyabiashara. Mwishoni mwa karne ya 19 Sheikh Zahur bin Muhammad, mtu wa Barawa, alikaa Tabora na kuieneza huko, katikati ya Wanyamwezi na Wamanyema ambao wengi wao waliifahamu pwani kwa mzigo waliobeba mabegani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, watu hao walizidi kumiminika Dar es Salaam, na baada ya Waingereza kuuchukua mji mwaka 1916 wakakuta panapangwa mitaa mipya ya Waafrika magharibi ya Mnazi Mmoja, mahali palipochukua jina la kikosi cha wapagazi wa vita, likawa Kariakoo. Kwa hiyo jina la Uwesu lilikuwa na milango miwili ya kuingilia: mmoja wa bahari, kutoka Unguja na mrima, na mmoja wa reli, kutoka Tabora. Naamini mlango huu wa pili umesahauliwa mno na wanaoandika habari za Uislamu wa Dar es Salaam, ambao macho yao yameelekea baharini daima, ilhali Mtaa wa Nyamwezi upo hapo hapo Kariakoo na wanaweza kulisoma jina lake ukutani.

Ili tuelewe jinsi jina la sheikh linavyoingia nyumbani kwa watu, hatuna budi kuitazama zikri yenyewe. Usiku wa zikri hutandikwa mikeka msikitini, au uwanjani, au katika uchochoro kati ya nyumba mbili, ubani hufukizwa, zikasomwa kaswida, kisha watu husimama safu zikielekeana, au wakafanya duara, bega kwa bega, khalifa akiwa katikati. Jina la Mwenyezi Mungu huanza kwa sauti ya kawaida, ikazidi kuharakishwa na kushushwa kooni hata maneno yakapotea, ikabaki pumzi tu inayotoka kifuani kwa pamoja, na ndiyo sababu watu wa pwani wakaiita zikri ya namna hii zikri ya kukohoa. Wako ulamaa walioikataa namna hiyo, nao wana hoja zao. Lakini angalia mpango wa kusimama: kuli wa bandarini, fundi cherehani, mchuuzi wa samaki na mwenye nyumba za kupangisha wamo katika safu moja, na aliyeshikana mkono na mwenziwe hamuulizi baba yake ni nani. Kisha husomwa silsila, yaani mnyororo wa masheikh, jina baada ya jina, kutoka kwa khalifa aliyepo mpaka kwa Sheikh Uways, mpaka Baghdad, mpaka kwa Mtume.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Katika miji ya Waswahili heshima ilihesabiwa kwa nasaba: Sharifu alikuwa na shajara yake, Mshirazi na yake, na mwungwana aliweza kutaja babu zake bila kusita, ama mtumwa aliyeletwa kutoka Manyema au Nyasa, na mtoto wake, na mjukuu wake, mnyororo wao ulikatika mahali ambapo hawakupajua. Twarika ya Kadiria iliwapa mnyororo mwingine. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1931, aliletwa pwani mtumwa kutoka Kongo, naye akawa khalifa mkuu wa Kadiria kwa mkondo mwingine, hata waungwana wakaibusu mikono yake. Mtu wa namna hiyo, au mfuasi wake, anapomwita mwanawe Uwesu siku ya akika, huku kichwa cha mtoto kikinyolewa na mbuzi akisubiri uani, anamtia katika silsila mbele ya mashahidi. Na jina alilolichagua ni la yule wa Yemen ambaye alirithi bila kuwapo, na la yule wa Barawa ambaye hakuwa Sharifu. Sioni jina lingine katika hazina yetu ya majina linalosema jambo hilo kwa ukamilifu kama huu.

Nakubali kwamba hoja hii ina wapinzani wenye nguvu. Hadhramaut na Yemen jina la Uways limekuwapo siku zote, na Wahadhrami wamekaa pwani yetu tangu zamani. Kwa nini basi tusiseme kwamba wao ndio walioleta? Tena mtu asidhani kwamba irabu ya mwanzo, ile *a* ya Awesu inayofanana na Aweys ya Wasomali, ni ushahidi wa kutosha, maana Kiswahili chenyewe kimemgeuza Uthman kuwa Athumani bila ya msaada wa Msomali yeyote, kama kilivyomgeuza Zubayr kuwa Zuberi na Sulayman kuwa Selemani. Jibu langu ni kwamba kuwapo kwa jina vitabuni na kwa wageni ni jambo moja, na kuitikwa kwalo na mtoto wa mwenyeji ni jambo jingine. Wasomali wenyewe wamekaa nasi miaka mingi, na majina yao ya asili ni mazuri: Warsame, mwenye habari njema, Roble, aliyekuja na mvua, Geedi, aliyezaliwa safarini, na Hirsi, ambalo ni hirizi yetu hii hii. Hata hivyo Mzaramo hakumwita mwanawe Warsame. Kukaa pamoja na kufanya biashara pamoja hakukutosha kulihamisha jina. Aweys lilihama kwa kuwa lilitajwa katika zikri, kwa heshima, usiku baada ya usiku.

Na ikiwa ni hivyo, kwa nini wenye jina ni wachache? Kwa sababu ya adabu ya twarika yenyewe. Mfuasi wa Kadiria atakaye baraka kwa mwanawe hulikimbilia kwanza jina la kutubi, yaani walii mkuu wa twarika, Sheikh Abdulkadir, au nisba yake, Jailani, na majina hayo yameenea pwani nzima. Khalifa na sheikh aliye katikati ya mnyororo hubaki nyuma ya bwana wake. Zaidi ya hayo, jina hili leo laonekana mara nyingi likiwa la pili au la mwisho, yaani la baba, babu au ukoo, kuliko kuwa la kwanza, jambo ambalo kwa maoni yangu laonyesha kwamba lilitolewa kwa wingi zaidi katika kizazi kilichosimama karibu na makhalifa wa kwanza, nalo limehifadhiwa na wajukuu kwa urithi hata pale ambapo zikri imekoma nyumbani.

Mzazi wa Kariakoo wa leo hutafuta jina kwa kuuliza maana yake, akataka liwe na tafsiri nzuri na liandikike kwa urahisi katika cheti cha kuzaliwa, na kwa kipimo hicho mbwa mwitu mdogo hawezi kushindana na majina ya nuru na ushindi. Mtafiti atakayeingia katika nyumba za Gerezani na Ilala akiwa na swali hilo hilo la maana atatoka na tafsiri za kamusi. Na aulize badala yake mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo kuitwa Uwesu alipewa jina la nani, ni khalifa gani aliyeketi kwenye mkeka siku ile, na ijaza yake ilitoka Unguja au Tabora. Wazee wanaoweza kujibu bado wapo, na majibu yao hayamo katika wasifu ule wa Cairo.