Dawa, Kambi na Kadi za Majaji

Wapenzi wa ngumi wana hoja mbili ambazo huzitoa kwa uhakika uleule, ingawa zinapingana. Ya kwanza husema kwamba bondia fulani alishinda kwa sababu ya dawa. Ya pili husema kwamba dawa haimfundishi mtu kukwepa wala kupima umbali, hivyo katika ngazi ya juu haina faida ya maana. Zote mbili hutafuta ushahidi mahali pamoja, yaani kwenye matokeo ya pambano. Ninavyoona mimi, dawa humsaidia bondia mahiri, lakini humsaidia kambini, wiki nyingi kabla ya kengele ya kwanza, na kwa sababu hiyo kadi za majaji haziwezi kuuonyesha msaada huo wala kuukanusha.

Kisa kinachofaa zaidi kuchunguzwa ni cha Shane Mosley na Oscar De La Hoya, kwa kuwa mabondia hao walikutana mara mbili na kambi moja tu kati ya zile za Mosley ndiyo tunayojua kwa hakika kwamba ilikuwa na dawa. Tarehe 17 Juni 2000, mjini Los Angeles, Mosley alishinda kwa kura za majaji wawili dhidi ya mmoja katika uzito wa welter. Mwaka 2002 alipigwa mara mbili na Vernon Forrest. Alipojiandaa kurudiana na De La Hoya, safari hii katika uzito wa super welter, alihudumiwa na Victor Conte wa kampuni ya BALCO ya California. Pambano lilifanyika Las Vegas tarehe 13 Septemba 2003, na majaji wote watatu walimpa Mosley ushindi wa 115 kwa 113. Miezi mitatu baadaye, akiwa chini ya kiapo mbele ya baraza la mashtaka, alikubali kwamba alikuwa ametumia EPO, ile homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu, pamoja na steroidi mbili za BALCO, moja ya matone na nyingine ya kupaka. Alisisitiza kwamba hakujua kuwa vitu hivyo vilikuwa haramu. Ushindi wake haukufutwa.

Anayetaka kusema kwamba dawa ndiyo iliyoshinda anaweza kuishia hapo, lakini hesabu ya ngumi inamtatiza. CompuBox, wanaohesabu ngumi za kila pambano kubwa, walimwandikia De La Hoya ngumi 221 zilizofika na Mosley 127 tu. Watazamaji wengi waliondoka wakiamini kwamba De La Hoya kaonewa. Mteteaji wa hoja ya kwanza atajibu kwamba Mosley alimaliza kwa kasi na kuzoa raundi za mwisho, na kwamba pumzi ya raundi za mwisho ndiyo hasa zawadi ya EPO. Jibu hilo lina uzito, ila mwaka 2000 pia Mosley alimaliza vivyo hivyo, akapanda kadiri De La Hoya alivyoshuka. Mwaka 2004 akapigwa mara mbili na Winky Wright, na wapo wanaolichukulia hilo kama dalili kwamba dawa zilikuwa zimemwisha mwilini. Wanamsahau Forrest. Mosley alikuwa bingwa wa uzito mwepesi aliyepanda madaraja, na kabla ya BALCO na baada yake alisumbuliwa na watu wa aina moja: wakubwa kuliko yeye kimaumbile, wenye mkono mrefu wa mbele na subira ya kuutumia. Mtindo unaeleza rekodi yake vizuri kuliko dawa.

Hilo halithibitishi kwamba dawa haikumsaidia. Ulinganisho tunaouhitaji ni wa Mosley wa Septemba 2003 na Mosley yuleyule ambaye hakutumia kitu, na huyo wa pili hakuna aliyepata kumwona. Huenda angepoteza raundi mbili zaidi, na kwa alama za 115 kwa 113 raundi mbili zingetosha kubadili mshindi. Huenda pia angeshinda. Kadi ni ileile, lakini maelezo yake ni mawili na yanapingana.

Ndiyo maana siridhiki na orodha za walioshindwa au kukwama wakiwa na dawa mwilini, ambazo hutajwa kila mara mjadala huu unapozuka. Fernando Vargas alikutwa na steroidi ya stanozololi baada ya De La Hoya kumsimamisha katika raundi ya 11 mwaka 2002. Jarrell Miller alikutwa na vitu vitatu tofauti mwaka 2019, akaondolewa kwenye pambano na Anthony Joshua, na nafasi yake ikachukuliwa na Andy Ruiz mwenye kitambi, ambaye alimwangusha Joshua mara nne na kumaliza kazi katika raundi ya saba. Kisa cha Ruiz kinafurahisha, nami nilikifurahia kama wengine, lakini juu ya dawa za Miller hakitufundishi chochote. Zaidi ya hayo, waliokamatwa si kielelezo cha watumiaji wote. Ni wale waliopimwa wakati mbaya, au walioshauriwa vibaya.

Tugeukie mwili wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 na Shalender Bhasin na wenzake uliwapa wanaume miligramu 600 za testosteroni kwa wiki, kwa wiki 10, na kuwalinganisha na waliodungwa dawa bandia. Waliopata homoni na kunyanyua vyuma waliongeza takriban kilo 6 za mwili usio na mafuta. Waliopata homoni bila mazoezi yoyote waliongeza kilo 3 na kidogo, zaidi ya waliofanya mazoezi bila homoni. Kwa mcheza raga hizo ni habari njema tupu. Bondia ana mizani. Kutoka welter, yaani kilo 66.7, hadi uzito wa kati, kilo 72.6, ni karibu kilo 6 zilezile. Misuli aliyoipata ama itamsukuma kwenye daraja la watu wakubwa zaidi, ama itambidi aikaushe kwa jasho siku za kupima uzito. Bondia wa uzito wa juu pekee ndiye asiye na dari.

Isitoshe, misuli ya bega na mkono si chanzo kikuu cha konde zito. Watafiti wa Kisovieti walioongozwa na Filimonov walionyesha mwaka 1985 kwamba kwa mabondia waliobobea mchango mkubwa zaidi wa nguvu hutoka miguuni, kisha kiwiliwilini, na mkono hufuata nyuma. Kadiri ujuzi ulivyopungua, ndivyo mchango wa miguu ulivyopungua. Konde ni mpangilio wa mwili mzima kwa wakati mmoja, na mpangilio huo hujengwa kwa marudio.

Hapo ndipo hoja ya pili inapojikata yenyewe. Ni kweli kwamba ujuzi hauingii kwa sindano, ila hujengwa kwa raundi za mazoezi, na idadi ya raundi ambazo mwili unaweza kubeba kwa wiki hutegemea jinsi unavyojirekebisha usiku. Bondia wa miaka 24 hufanya sparingi leo na kesho akarudi. Wa miaka 36 huhitaji siku ya ziada, na jeraha la bega ambalo kijana angelisahau humla wiki tatu. James Toney, bingwa wa zamani wa uzito wa kati, alikuwa na miaka 36 alipompiga John Ruiz mwezi Aprili 2005 kugombea mkanda wa chama cha WBA wa uzito wa juu. Vipimo vilionyesha steroidi ya nandroloni, ushindi ukafutwa, naye akajitetea kwamba ilitokana na matibabu ya jeraha. Tukimwamini kabisa, bado utetezi wake unataja hasa faida ninayoisema. Namna alivyozungusha mabega na kuacha ngumi zimpite haikutoka kwenye chupa, ila mwili wa kuifanya kazi hiyo kwa raundi 12 lazima kwanza umalize kambi.

Kuhusu EPO ushahidi unayumba, na ni vema kukiri hivyo. Wakimbiaji wa Kenya na Uskochi waliopewa homoni hiyo kwa majaribio walipunguza muda wao wa mita 3000, lakini hapakuwa na kundi la dawa bandia. Waendesha baiskeli 48 nchini Uholanzi waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu EPO na nusu dawa bandia, na utafiti ukachapishwa mwaka 2017: wa EPO walionyesha nafuu ndogo maabara, ila walipopanda mlima Mont Ventoux hawakuwapita wenzao. Mabingwa wa ngumi hakuna kamati ya maadili itakayoruhusu wajaribiwe hivyo.

Kama faida iko kambini, basi mkojo unaochukuliwa usiku wa pambano unapima kwa kuchelewa, maana mtumiaji mwerevu atakuwa ameacha wiki kadhaa nyuma huku raundi alizofanya zikibaki mwilini. VADA, chama cha hiari cha upimaji kilichoanzishwa mwaka 2011 na daktari Margaret Goodman, kilielewa jambo hili na kikaenda kuwabishia mabondia hodi bila taarifa. Chama cha ngumi cha WBC kilijiunga na mpango wa namna hiyo mwaka 2016. Hata hivyo kupima mapema hakufai kitu kama hakuna anayelichukua jibu kwa uzito. Mwezi Oktoba 2012 klenbuteroli, dawa iliyopigwa marufuku, ilionekana katika sampuli za Erik Morales kabla hajapanda ulingoni na Danny Garcia huko Brooklyn. Morales alisema ni nyama iliyochafuliwa. Tiketi zilikuwa zimeuzwa, pambano likaendelea, Morales akaangushwa katika raundi ya nne. Waliotaka kuona katika anguko hilo kwamba dawa haisaidii waliona hivyo. Mimi naona tu kwamba Garcia aliachiwa kupigana na mtu ambaye majibu ya vipimo vyake tayari yalikuwa mezani.