Unyayo wa Rangi ya Waridi

Siku moja ya mwezi wa tano nilikwenda soko la Karume, Ilala, kumtafutia mpwa wangu sweta. Dada yangu anaishi Njombe, na aliyewahi kulala Njombe kati ya mwezi wa sita na wa nane anaijua baridi yake. Muuzaji alikuwa ndiyo kwanza amefungua belo la nguo za watoto. Hakuniuliza umri wa mtoto wala ukubwa wake. Aliuliza, "Wa kike au wa kiume, kaka?" Nikamwambia wa kiume, ana miezi minne. Mkononi nilikwishashika sweta zito la sufu, limefumwa vizuri, halina hata uzi uliofumuka, rangi yake ya waridi. Akalitoa mkononi mwangu taratibu. "Hilo la kike hilo. Mwanaume humvalishi pinki." Mama mmoja aliyekuwa akichambua nguo kando yetu akaitikia kwa kichwa. Nikaliacha. Nikaondoka na la bluu, jepesi kuliko lile, kwa bei ileile.

Sweta lile limenikaa moyoni. Simlaumu muuzaji, kinachonisumbua ni wepesi wangu wa kukubali. Kanuni ile hakuitunga yeye, wala mama yule, wala mimi. Belo lilifungwa Ulaya au Amerika ya Kaskazini, na nguo zilizomo zilinunuliwa na wazazi wa huko, waliokwisha kuamua ipi ya binti na ipi ya mvulana kabla hazijapakiwa melini. Kanuni ilisafiri ndani ya nguo. Basi nikaanza kuufuata unyayo wake kurudi ulikotoka, kama mfugaji anavyofuata kwato za ng'ombe aliyepotea.

Alama za karibu bado mbichi. Mwaka 2012 wazazi wa Uingereza walianzisha kampeni iitwayo Let Toys Be Toys, wakiyataka maduka yaache kubandika vibao vya "wavulana" na "wasichana" juu ya rafu za vichezeo. Oktoba 2021 gavana wa California alitia saini sheria inayoyataka maduka yenye wafanyakazi 500 na zaidi yatenge sehemu ya vitu vya watoto isiyobagua jinsia, kuanzia Januari 2024. Mwezi huohuo kampuni ya Lego ilitoa matokeo ya utafiti iliouagiza kwa wazazi na watoto wa nchi kadhaa. Wavulana 71 katika kila 100 walisema wanaogopa kuchekwa wakionekana na kichezeo kinachohesabiwa kuwa cha kike. Kwa wasichana walioogopa kinyume chake, idadi ilikuwa 42. Niliposoma hesabu hizo nililiona tena sweta la Karume. Kilichonifanya niliache ni hofu hiyohiyo, nami nilikuwa nikiogopa kwa niaba ya mtoto ambaye hajajua kucheka wala kuchekwa.

Nikirudi nyuma zaidi, nafika miaka ya 1980, na hapo unyayo unazama sana kwenye udongo, ishara ya mzigo mzito. Mambo mawili yalikutana. La kwanza ni utrasaundi. Daktari Ian Donald wa Glasgow na wenzake walichapisha kazi yao ya mwanzo kuhusu kipimo hicho mwaka 1958, na kufikia miaka ya 1980 kilikuwa jambo la kawaida kwenye kliniki za wajawazito katika nchi tajiri. Mzazi akawa anaijua jinsi ya mtoto miezi kadhaa kabla ya kumwona, na katika miezi hiyo ya kungoja akawa ananunua. Jo Paoletti, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland aliyeandika historia ya rangi hizi katika kitabu chake *Pink and Blue* cha mwaka 2012, anaonyesha kwamba nguo zisizo na jinsia zilikuwa za kawaida Marekani hadi mwaka 1985 hivi, kisha rafu zikagawanyika. La pili ni televisheni. Mwaka 1984 serikali ya Marekani ililegeza masharti ya matangazo katika vipindi vya watoto, na vikafuata vipindi vizima vilivyojengwa juu ya bidhaa: roboti na wapiganaji upande mmoja, farasi wadogo wenye manyoya ya waridi upande mwingine.

Hapa faida ya biashara inaonekana bila kuhitaji kuwa mchumi. Nyumba yenye kaka na dada wanaofuatana ilikuwa ikinunua baiskeli moja, kitanda kimoja, koti moja. Mkubwa akikua, mdogo anarithi. Lakini baiskeli ikiwa ya waridi, mdogo wa kiume harithi. Baba anarudi dukani. Sisemi kwamba watu walikaa mezani wakapanga hila. Nasema tu kwamba kila mara kanuni hii ilipokazwa, kulikuwa na mtu mwenye kitu cha kuuza aliyefaidika, na wazazi walioamini kwa moyo safi kwamba wanatimiza desturi ya tangu kale.

Lakini rudi miaka kumi tu kabla ya hapo, na desturi hiyo ya tangu kale haipo. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote katika njia hii. Mwanasosholojia Elizabeth Sweet alizipitia katalogi za kampuni ya Sears, ambazo familia nyingi za Marekani zilizitumia kuagiza vitu kwa posta, na akagundua kwamba katika katalogi ya mwaka 1975 vichezeo vilivyotangazwa waziwazi kuwa vya wavulana au vya wasichana havikufika 2 katika kila 100. Hazikuwa enzi za usawa kamili. Wanawake wa nchi ile walikuwa barabarani wakidai haki zao, na mwangwi wa madai hayo ulifika hadi kwenye kurasa za vichezeo. Mwaka 1974 Lego iliweka ndani ya maboksi yake karatasi ya kuwaambia wazazi kwamba hamu ya kuunda ni moja kwa watoto wote: wako wavulana wapendao kupanga nyumba ya mwanasesere, na wako wasichana wapendao kuunda vyombo vya anga. Mzazi apeleke tu vifaa mikononi mwa mtoto, amwachie ajenge atakacho.

Mwaka 1975 pia, watafiti watatu, Seavey, Katz na Zalk, walichapisha jaribio ninalolipenda kwa urahisi wake. Walimchukua mtoto mchanga wa miezi mitatu, wakamvika nguo ya njano, wakawaita watu wazima mmoja mmoja wacheze naye. Baadhi waliambiwa ni wa kike, baadhi wa kiume, baadhi hawakuambiwa kitu. Karibu waliweka mpira, mwanasesere na pete ya plastiki. Walioambiwa ni wa kike walielekea kumpa mwanasesere. Wasioambiwa walibaki wakitafuta dalili: mmoja anaona kiganja kinakamata kwa nguvu, basi ni mvulana, mwingine anaona mwili mlaini, basi ni msichana. Mtoto ni yuleyule mmoja, na alikuwa wa kike. Nilipolisoma nilijiuliza yule mama wa Karume angesemaje angemwona mpwa wangu ndani ya nguo ya njano, bila jina.

Nyuma ya hapo ipo miaka ya 1950, yenye Mamie Eisenhower aliyevaa gauni la waridi katika sherehe za kumwapisha mumewe kuwa Rais wa Marekani, Januari 1953, na kuifanya rangi hiyo kuwa fasheni ya wanawake wa nyumbani, na yenye mwanasesere Barbie aliyezinduliwa New York Machi 1959. Sikukaa sana hapo. Nilikuwa nalitafuta jambo nililokwisha kulisikia juujuu: kwamba zamani ilikuwa kinyume.

Lipo, ila si kama linavyosimuliwa. Juni 1918 jarida la wafanyabiashara wa nguo za watoto wa Marekani, la Earnshaw, liliwaeleza wasomaji wake kwamba kanuni inayokubalika ni waridi kwa wavulana na bluu kwa wasichana. Sababu iliyotolewa ni kwamba waridi ni rangi yenye nguvu na uamuzi, na bluu ni rangi ya upole, inayompendeza msichana. Anayewaza haoni ajabu: waridi ni mtoto wa nyekundu, na nyekundu ni rangi ya damu na vita. Miaka tisa baadaye, 1927, mke wa mrithi wa ufalme wa Ubelgiji, Astrid, alijifungua binti, na habari zikasema kitanda cha mtoto kilikuwa kimepambwa kwa waridi kwa kutarajia mvulana. Jarida la *Time* likayauliza maduka makubwa ya Marekani yanawauzia nini wazazi. Filene's la Boston, Best & Co. la New York, Halle's la Cleveland na Marshall Field la Chicago yakajibu kwamba mvulana ni waridi. Mengine yakajibu kinyume.

Jibu hilo la mwisho ndilo linalonishika. Wasimulizi wengi hulipita, wakaacha hadithi tamu kwamba rangi zilibadilishana viti. Mwaka 2012 mtafiti Marco Del Giudice alipekua hazina kubwa ya vitabu vilivyowekwa kwenye mtandao, akakuta kwamba tangu mwisho wa karne ya 19 waliokuwa wakiandika bluu kwa wavulana na waridi kwa wasichana hawakukosekana. Hata riwaya ya Louisa May Alcott, *Little Women*, katika sehemu yake ya pili ya mwaka 1869, ina mapacha waliofungwa utepe wa bluu kwa wa kiume na wa waridi kwa wa kike, na jambo hilo linatajwa kuwa ni mtindo wa Kifaransa. Hoja ya Del Giudice naiona ina nguvu. Lakini mtindo unaohitaji kutajwa kuwa ni wa Kifaransa bado haujawa desturi ya nyumbani. Kwa hiyo hapakuwa na kanuni moja iliyopinduliwa. Palikuwa na mji uliosema hivi na mji uliosema vile, na mama aliyehama Boston kwenda kwingine angeweza kumkuta muuzaji anamkosoa kwa jambo alilofundishwa na muuzaji wa kwanza.

Nikapiga hatua nyingine, na unyayo ukaishia kwenye kitambaa cheupe. Iko picha ya mwaka 1884 ya mtoto wa miaka miwili na nusu hivi, nywele zake ndefu, kavaa gauni jeupe, na kofia yenye manyoya ya ndege ameishika mapajani. Ni Franklin Roosevelt, ambaye alikuja kuwa Rais wa Marekani mwaka 1933. Wazazi wake hawakuwa wakimfanya msichana. Katika tabaka lao, na katika matabaka mengine mengi, watoto wote walivaa gauni hadi miaka sita au saba, ndipo mvulana akanyolewa na kuvishwa suruali. Gauni lilirahisisha kumbadili mtoto nepi. Weupe ulikuwa na maana yake pia: pamba nyeupe unaichemsha na kuipausha, doa linatoka. Mama wa miaka ile alikuwa akifikiria ufuaji.

Msomaji wa Unguja au Lamu huenda asishangae kumwona mvulana ndani ya vazi refu jeupe. Amemzoea mtoto wa madrasa na kanzu yake. Na akina bibi wa pwani walivaa kaniki, kitambaa kilichotiwa nili hadi kikakaribia weusi. Bluu iliyoiva namna hiyo ilikuwa vazi la mwanamke wa kazi, wa shambani na wa kisimani, na hakuna aliyemwambia kwamba anavaa rangi ya wanaume.

Sitaki kuipamba pwani wala bara. Mgawanyo ulikuwepo, tena mkali. Nilipokuwa mdogo sisi wavulana tulikunja magari ya waya na kuyakatia matairi kwenye ndala zilizochakaa, tukacheza chandimu hadi giza. Dada zetu walipika mchanga kwenye vifuu, wakabeba wanasesere wa magunzi mgongoni kama mama zetu walivyobeba wadogo zetu, na mvulana aliyeonekana akipika aliitwa jina ambalo lilimfuata hadi shule. Kazi za baadaye zilikuwa zimekwisha kugawanywa kwenye mchezo. Ila rangi hazikuwamo. Mtoto akizaliwa alifungwa kanga iliyokuwepo, na aliyekuja kumpa mama pole ya uzazi aliuliza wa kike au wa kiume kwa sababu nguo haikumwambia. Rangi zimekuja kwa belo, na sasa kwa makontena ya dukani, zikakuta mgawanyo wetu wa zamani umekaa, zikaufunika kwa karatasi mpya. Wazazi wa rika langu huziona kama sehemu ya malezi waliyoachiwa na wazee, na wazee wenyewe walivikwa kaniki.

Wiki mbili baada ya kutuma mzigo nilimpigia dada yangu. Akasema sweta limefika, asante, linamtosha. Nikamuuliza kama linamkinga baridi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ni jepesi kaka, asubuhi halitoshi, ila usijali, juu yake anamfunga kanga ile ya mama. Naijua kanga hiyo. Imefuliwa hadi imekuwa laini kama pamba, na kuanzia pindo hadi pindo ina mawaridi makubwa. Nilimsikia mtoto nyuma yake akifanya sauti za kushiba. Nikamwambia nitatafuta lingine, zito, na nikamwomba anipimie urefu wa mkono wake, kwapani hadi kwenye kiganja.