Kusimama Mbele za Watu: Somo Kutoka kwa Kwaya Mbili za Zamani

Kila mwaka inapokaribia tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru wa Tanganyika, sisi tunaoishi huku Uingereza hukumbuka kwamba tuna kwaya. Miezi mingine tumetawanyika: huyu yuko zamu ya usiku, yule ana watoto wadogo, mwingine yuko masomoni. Kisha simu zinaanza kupigwa, ukumbi unakodiwa, na Jumamosi jioni tunakutana kukumbushana sauti. Sauti tunazo, tunamshukuru Mungu. Tatizo letu huanza tunapopanda jukwaani. Tunaingia mmoja mmoja kama abiria wa daladala, tunaficha nyuso nyuma ya karatasi, na macho yetu yote yako sakafuni.

Mwaka jana mwenyeji wetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alituuliza mbona hatukuja na ngozi na manyoya. Tulicheka. Njiani kurudi nyumbani hatukucheka tena. Wengine walisema mwaka ujao tuwape wanachokitaka, maana ndio wanaotoa michango. Wengine wakasema hapana, suti na tai tu. Ubishi huo haujaisha, na tulipotafuta historia tukagundua kwamba ni wa zamani kuliko sisi sote.

Tuanzie Nashville, Marekani. Shule ya Fisk ilifunguliwa huko mwaka 1866 kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Miaka mitano baadaye ilikuwa karibu kufungwa kwa kukosa fedha. Mtunza hazina wake, George White, Mzungu aliyekuwa akifundisha pia muziki, alichukua wanafunzi 9 na kuondoka nao tarehe 6 Oktoba 1871 kwenda kuimba ili kuchangisha fedha. Hawakuwa waimbaji wa kulipwa. Walikuwa wanafunzi tu, na wengi wao walizaliwa utumwani.

Wakati ule watazamaji wa Marekani walizoea maonyesho ambamo Wazungu walijipaka weusi usoni na kumwiga mtu mweusi kwa dhihaka. Basi wengi walifika ukumbini wakitegemea kuchekeshwa. Vijana wa Fisk walipanda jukwaani na nguo za heshima, za kuendea kanisani, wakasimama karibu karibu, wakatulia. White alikuwa amewazoeza kuimba kwa sauti ya chini sana bila kupoteza nguvu. Inakumbukwa kwamba aliwatolea mfano wa hatua ya chui milia: huisikii, lakini nguvu zote za mnyama zimo ndani yake.

Mwanzoni waliimba zaidi nyimbo za Kizungu. Nyimbo za wazee wao, zile za utumwani, waliona vigumu kuzitoa mbele ya wageni, kwa kuwa zilibeba maumivu na ibada ya watu wao. Novemba 1871, mjini Oberlin, Ohio, mbele ya mkutano wa viongozi wa kanisa, walianza mmoja wa nyimbo hizo taratibu sana. Minong'ono ukumbini ikakoma. Tangu hapo nyimbo hizo zikawa uti wa mgongo wa kwaya yao. Mwaka 1873 walifika hapa Uingereza na kumwimbia Malkia Victoria. Fedha walizokusanya zilijenga jengo la Jubilee Hall, lililozinduliwa tarehe 1 Januari 1876, na bado limesimama.

Kutoka Fisk njia inatupeleka Afrika. Orpheus McAdoo, aliyewahi kuimba katika kundi lililotokana na kwaya hiyo, alikwenda Afrika Kusini mwaka 1890 na waimbaji wake. Waafrika waliowasikia walivutiwa sana, na mwaka 1891 kundi la huko lilipanda meli kuja Uingereza kuchangisha fedha za shule za ufundi. Liliitwa African Choir. Mmoja wao alikuwa msichana aitwaye Charlotte Manye.

Hawa walikuwa watu waliosoma, wakiongea Kiingereza pamoja na lugha zao. Lakini maonyesho yao yalipangwa hivi: sehemu ya kwanza wavae ngozi na shanga, sehemu ya pili wavae nguo za Kizungu za wakati ule. Mtazamaji wa London alitakiwa aone kwa macho yake safari ya kutoka ushenzini kwenda kwenye ustaarabu. Safari hiyo hawakuwa wameisafiri. Zile ngozi hazikuwa nguo zao za kila siku. Julai 1891 walimwimbia Malkia huko Osborne, lakini baadaye fedha zilipungua, ugomvi ukaingia, na mwishowe waimbaji wakaachwa London bila msaada.

Picha zao zilizopigwa mwaka 1891 katika studio moja ya London zilikaa kwenye hifadhi kwa zaidi ya miaka 120, zikaonyeshwa hapa mwaka 2014. Ukizitazama utaona kwamba hata ndani ya zile ngozi nyuso zimetulia, hazimbembelezi mtu. Charlotte Manye baadaye alisoma Chuo Kikuu cha Wilberforce, Ohio, akarudi kwao, na mwaka 1918 akaanzisha chama cha kutetea wanawake wa Kiafrika. Hakuacha kusimama mbele za watu, ila sasa maneno yalikuwa yake.

Sisi tunajifunza nini? Si kwamba suti ni bora kuliko ngozi. Hata wale wa Fisk walivaa nguo za mtindo wa Kizungu, lakini ndizo walizovaa kanisani kwao. Tofauti ni kwamba nguo zile na nyimbo zile zilisema ukweli juu ya wavaaji. Mtazamaji alikuja na picha yake kichwani, nao hawakuivaa.

Kwa hiyo tunapendekeza: mama zetu wavae kanga na vitenge, maana ndivyo wavaavyo kwenye sherehe nyumbani. Wimbo wenye kucheza tuucheze kama kwaya za kwetu zinavyocheza, na wimbo wa kutulia tutulie. Ngozi hatuna, na hakuna kati yetu aliyewahi kuivaa. Tuingie pamoja, tujue maneno kwa moyo, tuache karatasi nyumbani.

Na kama mtu anasema hajui kusimama, tumkumbushe wimbo mmoja. Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg, aliutunga mwaka 1897. Tangu 1961, kwa maneno ya Kiswahili, ndio wimbo wetu wa taifa. Tukisikia noti zake za kwanza hakuna anayetufundisha: migongo inanyooka, mikono inatulia, macho yanatazama mbele. Kumbe tunajua. Desemba hii tusimame hivyo kuanzia wimbo wa kwanza, tusingoje wa mwisho.