Mvujo na Mwanya: Funzo la Wahunzi wa Buhaya

Mfasiri wa vitabu vya mitambo ya hewa iliyoshindiliwa hukutana mapema na neno "mvujo". Historia ya Buhaya yatusaidia kuliwekea mpaka.

Huko Kemondo, kaskazini ya Nshamba, chuma kiliyeyushwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliurudia ufundi huo pamoja na watafiti Peter Schmidt na Donald Avery. Upepo wa tanuri ulitokana na mivukuto, yaani jasho la watu. Ngozi ya mvukuto ikitoboka, nguvu hupotea bure: huo ni mvujo. Lakini mvukuto usio na vali huachiwa nafasi baina ya mdomo wake na bomba la udongo, ili uvute hewa safi wala si moto: huo ni mwanya.

Kiwandani tofauti ni hiyo hiyo. Tundu la milimita 3, penye shinikizo la baa 7, hupoteza umeme wa kilowati 3 hivi. Fundi hulitafuta kwa povu la sabuni, kisha hulifunga. Vali ya usalama, kwa upande wake, hutoa hewa ya ziada kwa makusudi. Anayeagizwa "ziba kila panapovuja", akaiziba na hiyo, aweza kulipua tangi.

Kwa hiyo twapendekeza neno "mvujo" litumike kwa upotevu tu, na njia iliyokusudiwa iitwe "mwanya wa kupumulia".